Malkia Bathilde, Aliyenunuliwa kama Mtumwa

Ninyi mnaokaa kando ya ziwa Tanganyika mmesikia habari za utumwa kwa vinywa vya wazee wenu. Kaskazini ya Kalemie, si mbali sana, pana mahali paitwapo Mtowa. Katika karne ya 19 vyombo vya wafanya biashara vilitoka Ujiji vikafika hapo, vikarudi vimepakia pembe za ndovu na watu. Watu hao walikuwa wametiwa kongwa shingoni. Walivushwa ziwa, wakapelekwa Tabora, na kutoka Tabora wakaendeshwa kwa miguu mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Wengi waliovushwa hawakuonekana tena na ndugu zao, na mama zao waliwalilia kama wafu, ingawa hapakuwa na maiti ya kuzika.

Wengine walikombolewa, wakapata makao karibu na misioni, kama kule Mpala. Wajukuu na vitukuu vyao wapo. Na ugomvi ukitokea arusini au penye pombe, huenda mtu mwenye kinywa kibaya akamtupia mwenzake neno hili, kwamba babu yake alinunuliwa. Neno hilo huchoma kuliko kofi. Anayeambiwa huinamisha kichwa, kana kwamba kosa lilikuwa la babu yake, wala si la yule aliyemwuza.

Kwa sababu hiyo twataka kuwasimulia leo maisha ya mwanamke mmoja aliyenunuliwa. Msidhani kwamba watu wa Afrika peke yao ndio waliopatwa na msiba wa utumwa. Miaka elfu moja na mia mbili kabla ya siku zile za Mtowa, huko Ulaya, watu wa nchi moja waliwakamata na kuwauza watu wa nchi nyingine, hata jirani zao. Mwanamke huyo aliuzwa ng'ambo ya bahari akiwa msichana. Akawa mjakazi, kisha akawa mke wa mfalme, kisha akawa mtawa. Jina lake ni Bathilde. Habari zake twazijua hasa kwa sababu mtu mmoja aliyemfahamu, au aliyewafahamu wenzake wa karibu, aliziandika muda mfupi baada ya kufa kwake.

MSICHANA ASIYE NA UKOO

Bathilde alizaliwa karibu na mwaka 630, katika kabila la Wasaksoni waliokaa kisiwa cha Uingereza. Wakati ule kisiwa hicho hakikuwa na mfalme mmoja. Walikuwako wafalme wadogo wengi, nao walipigana mara kwa mara. Aliyeshinda aliteka watu wa aliyeshindwa, akawauza kwa wafanya biashara wenye merikebu. Husimuliwa kwamba hata Mtakatifu Gregori Mkuu, kabla hajawa Papa, aliwaona vijana wa Uingereza wakiuzwa sokoni Roma, naye akawahurumia. Alipokuwa Papa alimtuma mtawa Augustino na wenzake kuhubiri Injili katika kisiwa hicho, nao wakafika mwaka 597.

Bathilde alivushwa bahari, akapelekwa katika nchi ya Wafaranki, ambayo leo twaiita Ufaransa. Huko alinunuliwa kwa bei ndogo. Mwandishi wa maisha yake hakuficha jambo hilo. Lakini hakututajia jina la baba yake, wala la mama yake, wala la kijiji chake. Miaka mingi baadaye walitokea watu waliosema kwamba alikuwa binti wa mfalme. Labda waliona aibu kwamba malkia wao alitoka sokoni. Yule aliyeandika kwanza hakuona aibu hiyo.

Fikirini, wasomaji, ni nini anachoondolewa mtu anayeuzwa. Anaondolewa uhuru wake, hilo twalijua. Lakini anaondolewa pia ukoo wake. Hana tena mjomba wa kumtetea, hana shangazi wa kumfundisha, hana ndugu wa kumwoza. Akiugua, hapana wa kumletea uji. Msichana huyu alibaki na jina lake tu.

KATIKA NYUMBA YA ERCHINOALD

Aliyemnunua alikuwa mtu mkubwa aitwaye Erchinoald. Tangu mwaka 641 huyo alikuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme katika sehemu ya magharibi ya nchi, iliyoitwa Neustria. Tena alikuwa jamaa ya mama yake Mfalme Dagobert, ndiyo maana neno lake lilikuwa na nguvu.

Bathilde aliwekwa kumnywesha bwana wake divai mezani. Lakini hakutosheka na kazi hiyo. Aliwavua viatu wajakazi wenzake waliomzidi umri, akawaosha miguu, akawatekea maji, akawatengenezea nguo zao. Aliyafanya hayo pasipo kunung'unika, na watu wa nyumba ile wakampenda.

Ikatukia kwamba mke wa Erchinoald akafa. Naye Erchinoald, alipoona uzuri na tabia njema ya mjakazi wake, akataka kumwoa. Wengi wangaliruka kwa furaha. Bathilde hakutaka. Alipoitwa aingie chumbani kwa bwana wake, alijificha pembeni, akajifunika matambara makuukuu, hata pasiwe na mtu wa kudhani kwamba chini yake pana mtu. Akatafutwa, asionekane. Baadaye Erchinoald akaoa mwanamke mwingine, ndipo Bathilde akatoka na kurudia kazi yake. Mjakazi alikuwa hana sheria ya kumlinda mbele ya bwana wake. Hata hivyo huyu msichana alipata njia ya kukataa.

MKE WA MFALME

Mfalme wa Neustria wakati ule alikuwa kijana aitwaye Clovis wa Pili. Baba yake, Dagobert, alikufa mwaka 639, akamwacha angali mtoto wa miaka mitano hivi. Mama yake, Nanthilde, alitawala kwa ajili yake mpaka alipokufa mwaka 642. Yafaa mjue kwamba Nanthilde naye alikuwa zamani mmoja wa wasichana wa kazi katika nyumba ya mfalme, kabla Dagobert hajamwoa. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwanawe hakudharau kutafuta mke kati ya wajakazi.

Karibu na mwaka 650 Clovis alimwoa Bathilde. Hatusomi popote kwamba baba au mjomba alikuja kukaa kikao cha mahari kwa ajili yake. Mtu wa kupokea mahari hakuwako. Aliingia katika ukoo wa wafalme peke yake, kama mti uliong'olewa mahali pake na kupandwa katika udongo mwingine.

Basi akaanza kujipatia jamaa kwa njia nyingine. Mume wake alimpa padri mmoja aitwaye Genès, awe msaidizi wake katika kuwatunza maskini. Kwa mikono ya padri huyo malkia aligawa chakula na nguo, akawazika wafu wasio na mtu. Baadaye Genès alifanywa askofu wa mji wa Lyon.

Rafiki yake mwingine alikuwa Mtakatifu Éloi, askofu wa Noyon. Huyu zamani alikuwa mfua dhahabu wa mfalme, hodari sana katika kazi yake. Fedha aliyoipata aliitumia kukomboa watumwa. Aliposikia kwamba merikebu imefika na mateka, alikwenda mbio kuwanunua, mara watu 20, mara 30, mara hata 100 pamoja. Kisha aliwapa uhuru wachague wenyewe, kurudi kwao au kukaa. Wengi wa mateka hao walikuwa Wasaksoni, watu wa kabila lake Bathilde. Twaweza kufahamu malkia alijisikiaje moyoni alipomwona askofu huyo akitenda hivyo.

Bathilde alipochukua mimba ya kwanza aliingiwa na hofu, kwa maana asipozaa mtoto wa kiume, ufalme ungegombaniwa. Éloi akamtuliza, akamwambia kwamba atazaa mwana, na kwamba yeye Éloi atakuwa baba yake wa ubatizo. Ikawa hivyo. Mtoto akaitwa Clotaire. Baada yake wakazaliwa wengine wawili, Childéric na Thierry. Wote watatu walikuwa wafalme kwa zamu yao. Mjakazi aliyekuwa hana jamaa hata mmoja akawa mama wa wafalme watatu.

MJANE NA MTOTO MFALME

Mwaka 657 Clovis alikufa, angali kijana wa miaka 23 hivi. Bathilde akaachwa mjane na watoto wadogo. Clotaire akafanywa mfalme, na mama yake akatawala kwa niaba yake.

Hali hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Mwaka uliotangulia alikufa Sigebert, kaka yake Clovis kwa baba, aliyetawala upande wa mashariki ulioitwa Austrasia. Naye aliacha mtoto mdogo aitwaye Dagobert. Msimamizi wa nyumba yake, Grimoald, alimnyoa nywele mtoto huyo, akampeleka uhamishoni Ireland, kisha akamtawaza mwanawe mwenyewe. Kwa Wafaranki nywele ndefu zilikuwa alama ya ukoo wa kifalme. Aliyenyolewa hakuweza kutawala. Bathilde alijua basi litakalowapata wanawe kama yeye akilegea.

Hakulegea. Aliwaweka karibu naye maaskofu wenye akili, kama Mtakatifu Ouen wa Rouen. Erchinoald, bwana wake wa zamani, alipokufa, mahali pake pakashikwa na mtu mkali aitwaye Ebroin. Mwaka 662 watu wa Austrasia walikubali kumpokea Childéric, mwana wa pili wa Bathilde, awe mfalme wao. Baadaye Childéric alimwoa Bilichilde, binti wa marehemu Sigebert, ndiye binti wa baba yake mkubwa. Ndoa hiyo ilileta amani kati ya pande mbili za ukoo, lakini sheria za Kanisa hazikuiruhusu, na miaka ya baadaye Mtakatifu Léger, askofu wa Autun, alimkaripia Childéric kwa ajili yake.

NJIA ALIYOPITA ALIIFUNGA

Sasa tumefika penye kiini cha habari hii. Bathilde alipata nguvu za ufalme kwa muda wa miaka minane hivi. Alizitumiaje?

Kwanza alipiga marufuku kununua na kuuza cheo cha uaskofu au daraja ya upadri. Desturi hiyo ilikuwa imeenea. Mwenye mali alitoa fedha akawa askofu, hata kama hakustahili.

Pili aliondoa kodi ya kichwa iliyowalemea watu. Kwa sababu ya kodi hiyo wazazi wengine walipendelea mtoto wao afe kuliko kumlea, maana kila kichwa kilihesabiwa. Mwanamke aliyekuwa amepangiwa bei alijua uovu wa kuhesabu watoto kwa fedha. Akaifuta.

Tatu, alikataza biashara ya mateka Wakristu. Wakati ule wafanya biashara waliwanunua watu kaskazini, wakawapitisha katika nchi ya Wafaranki, wakawafikisha katika bandari za kusini, kama Marseille, ili wapakiwe tena na kuuzwa mbali. Bathilde alitoa amri na kuituma katika nchi zote: pasiwe na mtu atakayemtoa nje mateka Mkristu wa ufalme wa Wafaranki.

Lakini alijua pia kwamba amri tupu haimfungui mtu minyororo. Aliyekwisha kununua mateka angemficha, au angedai fedha yake. Kwa hiyo malkia alitoa fedha mwenyewe, akawalipa wenye watumwa, akawaacha huru watu wengi. Aliwatafuta hasa watu wa kabila lake. Wengine kati yao, wanaume na wanawake, akawaweka katika nyumba za watawa, wawe na makao na jamaa, kwa sababu aliyekombolewa pasipo mahali pa kukaa hukamatwa tena kesho.

Hatutaki kusema zaidi ya ukweli. Amri hiyo ilihusu Wakristu tu. Haikumaliza utumwa wote. Watumwa wa mashamba waliendelea kuwapo katika nchi ya Wafaranki, hata katika mashamba ya nyumba za watawa. Ulaya ilichukua karne nyingi kujifunza somo ambalo mwanamke huyu alilianza, na mara nyingi ililisahau. Ilipofika karne ya 19, Kardinali Lavigerie, mwaka 1888, alilazimika kwenda Paris, London na Brussels kuwaeleza watu mateso ya wenyeji wa maziwa makuu. Na Kapteni Joubert, aliyefika Mpala mwaka 1887, alilazimika kuvilinda vijiji vya pwani ya ziwa kwa silaha.

Angalieni neno hili, kukomboa. Wazee wenu walilijua sokoni kabla hawajalisikia kanisani. Kukomboa ni kutoa kitu cha thamani ili mtu aliyeshikwa aachiliwe. Mapadri wa kwanza na wakatekista wao walipotafuta jina la kumwita Yesu Kristu katika lugha hii, hawakuona jina lililo bora kuliko Mkombozi. Mtu wa Mpala aliyekuwa amelipiwa vitambaa au ushanga ili afunguliwe kongwa hakuhitaji kuelezwa sana maana yake. Bathilde naye hakuhitaji.

LAWAMA NA HUZUNI

Msidhani kwamba utawala wake ulikuwa wa amani tupu. Wafaranki wa zamani zile walimwaga damu kwa urahisi. Katika miaka ya Bathilde askofu wa Lyon, aitwaye Annemund, aliuawa kwa kushtakiwa kwamba ni mwasi. Mwandishi mmoja wa Uingereza alimtwika malkia lawama ya kifo hicho kwa maneno makali. Wanahistoria wengi wa siku hizi huona kwamba mkono wa Ebroin ulikuwa ndani ya jambo hilo. Lakini amri zilitoka kwa jina la malkia na mwanawe. Mwenye kutawala hubeba hata yale yanayofanywa na watumishi wake.

Tena walikuwako watu ambao Bathilde aliwalea kwa upendo tangu utoto wao, nao walipokua walimgeuka. Jambo hilo lilimuumiza sana. Mwisho wake ukawa hivi. Sigobrand, askofu wa Paris, aliyekuwa kati ya washauri wake, aliwachukiza wakubwa wa nchi kwa kiburi chake. Wakamwua pasipo hukumu. Walipokwisha kumwua waliogopa kwamba malkia atalipiza kisasi. Tangu zamani Bathilde alikuwa ametaka kuingia utawani, nao wakamzuia. Sasa wakamruhusu upesi, tena wakamsindikiza wenyewe. Ilikuwa mwaka 665 hivi.

Bathilde alitambua vizuri kwamba walikuwa wakimwondoa. Lakini kabla hajaingia, wale aliowalea wakamgeuka, aliwasamehe, naye akaomba wamsamehe. Ndipo akaingia.

MTAWA WA CHELLES

Mahali alipoingia paitwa Chelles, karibu na Paris, upande wa mashariki, kando ya mto Marne. Nyumba hiyo aliijenga yeye mwenyewe alipokuwa malkia, akamwomba mtawa Bertille wa Jouarre aje kuwa Mama Mkuu. Upande wa kaskazini alikuwa amejenga pia monasteri ya wanaume, huko Corbie, na kuleta watawa kutoka Luxeuil. Karne moja baadaye watawa wa Corbie walikuwa kati ya watu wa kwanza kuandika kwa namna ile ya herufi ndogo, safi, iliyozaa herufi tunazosoma leo katika vitabu.

Katika Chelles Bathilde hakutaka kuwa mkubwa. Alimtii Bertille kama binti anavyomtii mama, ingawa nyumba ilikuwa kazi ya mikono yake. Alipika jikoni. Alifagia. Alisafisha hata vyoo. Kazi alizozifanya kwa kulazimishwa katika nyumba ya Erchinoald, sasa alizifanya kwa kupenda. Aliwatembelea wagonjwa, akakaa nao.

Hapo pia alipata ukoo mpya. Wasichana wa Uingereza walivuka bahari kuja Chelles, lakini safari hii hawakufungwa kamba. Walikuja kusoma na kusali. Naye Bertille, alipoombwa na wafalme wa Wasaksoni, aliwapelekea walimu na vitabu. Hivyo katika njia ileile aliyoletwa msichana wa kuuzwa, vitabu vilirudi kwao.

Lakini wanawe wa tumbo walimletea kilio. Mwaka 673 Clotaire alikufa bado kijana. Ebroin akamtawaza Thierry, mdogo wao, bila kuwauliza wakubwa wa nchi. Wakubwa wakakataa, wakamwita Childéric kutoka Austrasia. Thierry akanyolewa nywele, akafungiwa katika monasteri ya Saint-Denis. Ndugu mmoja akaketi katika kiti cha ndugu yake.

Childéric hakutawala kwa haki. Siku moja aliamuru mtu mmoja mwungwana, aitwaye Bodilo, afungwe mtini na kupigwa mijeledi, kinyume cha sheria, kama apigwavyo mtumwa. Huyo alikuwa mwana wa mwanamke aliyenunuliwa. Alisahau mama yake alitoka wapi. Mwaka 675 Bodilo na wenzake walimvizia mwituni wakati wa kuwinda, wakamwua, wakamwua na mke wake Bilichilde aliyekuwa mjamzito. Ndipo Thierry akarudi kwenye kiti cha ufalme. Naye alikaa mpaka karibu na mwaka 691, na uzao wa nasaba yao uliendelea kuitwa wafalme mpaka mwaka 751.

Bathilde alikuwa hai alipoletewa habari hizo. Alifunga njia ya soko kwa amri na kwa fedha, lakini hakuweza kuufunga moyo wa mwanawe usiingie ukatili. Kila mzazi anayesoma habari hii anafahamu huzuni hiyo. Twaweza kumlea mtoto, kumwombea, kumwonyesha mfano. Hatuwezi kuishi badala yake.

KIFO CHAKE

Katika Chelles alikuwako mtoto mdogo wa kike aitwaye Radegonde, mtoto wa ubatizo wa Bathilde, naye alimpenda mno. Malkia alipougua ugonjwa wa mwisho, hakutaka kumwacha mtoto huyo peke yake duniani. Yeye mwenyewe alijua yatima hukutana na nini. Mtoto akatangulia kufa kidogo kabla yake, na watu waliona kwamba Mungu alisikia sala ya mama huyo. Bathilde akafa siku ya 30 Januari, karibu na mwaka 680. Wakazikwa pamoja, malkia na mtoto wake wa ubatizo.

Katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Chelles huonyeshwa kitambaa kimoja cha kitani kilichotunzwa pamoja na mabaki yake. Ni sehemu ya vazi. Kifuani pametariziwa mikufu na msalaba kwa nyuzi za hariri zenye rangi. Imesimuliwa kwamba malkia alitoa vito vyake vya dhahabu kwa ajili ya maskini. Basi hapo juu ya kitani pamebaki mfano wake tu, uzi mahali pa dhahabu.

KWENU MNAOJITAYARISHA

Wasomaji wapenzi, ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, mtapewa jina siku hiyo, nanyi mtaingizwa katika ukoo mpya. Katika ukoo huo hapana upande wa waungwana na upande wa watumwa. Mtakatifu Paulo amewafundisha Wagalatia jambo hilo, nanyi mmelisikia katika mafundisho yenu. Lakini kulisikia ni jambo moja, na kulifuata siku ya ugomvi ni jambo jingine.

Kwa hiyo, mtu akikutupia neno kwamba babu yako alinunuliwa, usiinamishe kichwa. Mjibu kwa upole, ndiyo, alinunuliwa, na yuko mwanamke aliyenunuliwa kabla yake ambaye Wakristu humkumbuka altareni kila tarehe 30 Januari. Na wewe ambaye babu zako hawakuuzwa, au labda walikuwa upande wa wauzaji, funga kinywa chako kisitoe neno hilo, kwa sababu aibu yake haimwangukii unayemtukana.

Na yeyote kati yenu atakayepata cheo kesho, awe mwalimu, awe karani, awe mkuu wa kijiji, na akumbuke maisha ya malkia huyu. Alipokuwa chini alipita njia mbaya. Alipopanda juu hakusema kwamba wengine nao waipite, kama yeye alivyoipita. Alirudi akaifunga.